Njia Sita, Nachingwea

Sauti nimezigawa njia sita.
Kati nimemweka shehe na mikwaruzo ya maiki yake.
Kushoto, wabangua korosho wa nyumba ya pili,
ka, ka, ka,
hawakunyamaza hata kwenye dua.
Kulia, jenereta la Nantanga:
nimelipunguza mara tatu, bado linanguruma.
Besi nimeiachia ngoma.

Nyuma, Somoe,
nilikuta kikohozi cha mama yako,
cha wiki ile ya mwisho,
kimelala chini ya vigelegele.
Nikakipangusa, nikakipandisha kidogo,
kiwe kama hodi ya mlango wa uani.

Jana ulikuja kuchukua kazi
na simu yenye spika moja,
imeziba unga wa muhogo.
Ukaiweka sikioni.
Ukageuka nyuma.