Beringi ya Kushoto

Somoe alifika Newala na kisanduku kisichozidi kopo la majani ya chai,
taa yake ya kijani ikipepesa
kama jicho la mtoto anayejifanya amelala.
"Hiki," alisema, "kitaisemea mashine."
Fundi Nandonde akafuta mikono kwa tambara,
akaitazama Namba Tatu, chuma chake cha miaka thelathini na mmoja:
"Nani kakwambia ni bubu?"

Tundu la waya haikuwa nalo.
Tuliizunguka tukiipapasa kama wanunuzi wa mbuzi.
Kibao cha waliomtengeneza kimeliwa na mafuta ya maganda,
zimebaki herufi tatu, mwaka hausomeki.
Ilikuwa na gurudumu, mkanda, na mlio
ambao ukibadilika kidogo tu
Nandonde huacha tonge hewani.

Basi tukalifunga gurudumu sumaku,
kila mzunguko ukahesabiwa.
Waya wa umeme tukauvisha koleo la kupimia, kama bangili.
Kule ofisini mstari ukajitokeza kwenye skrini,
ukapanda, ukatetemeka,
na meneja akapiga makofi peke yake.

Siku ya pili mashine ikahamia Msumbiji.
Laini ndani ya kisanduku ilinasa mnara wa ng'ambo ya Ruvuma,
saa ikarudi nyuma,
ripoti ikadai tumeanza kubangua
kabla mlinzi hajafungua geti.
Somoe anasema ni saa kumi na tatu,
Nandonde anasema ni saa saba,
kisanduku kinasema kumi na mbili,
na korosho zinamiminika tu, hazina saa ya mtu.

Wiki nzima tulizipatanisha saa tatu hizo.
Usiku nilinakili daftari lake la kaunta:
*Saa nne kasoro. Imesimama. Joto. Dakika saba.*
*Saa nne kasoro. Imesimama. Joto. Dakika tisa.*
*Umeme hakuna. Mvua.*
*Saa nne kasoro. Imesimama.*
Misimu kumi na minne, kalamu za kila rangi.

Mfumo nao uliziona dakika zile.
Ukazipaka wekundu, ukaziita upotevu,
ukadai sababu: umeme? malighafi? hitilafu?
Nikamwuliza mwenyewe.
Akanishika mkono, akakilaza kiganja changu
juu ya beringi ya kushoto.
Pale rangi ya bluu ilikwisha zamani,
chuma kiking'aa kwa umbo la vidole vinne na gumba.
Vyangu vilipwaya humo.

"Ikifika hapa pa kuuma, unaizima. Unaiachia ipumue.
Ukijifanya una haraka, saa tisa imekufa na punje zimeungua."

Somoe alinyamaza. Kisha akatoa kipimajoto
kidogo kama punje ya mtama,
akatafuta pa kukigandisha.
Alizunguka mara mbili.
Mwishowe akakigandisha katikati ya kile kiganja cha chuma.

Siku hizi, digrii sabini na mbili, skrini inageuka njano,
na hakuna anayesema upotevu.
Sababu ya nne kwenye orodha niliiandika mimi: *Kupumua*.
Meneja hakuipenda. Hajaifuta.

Lakini kuna kitu.
Kila alfajiri, kabla swichi haijaguswa,
mstari wa joto unapanda kidogo,
digrii moja, digrii moja na nusu,
halafu unashuka polepole.
Somoe alisema ni kelele za waya, akataka kuuchuja.
Nikamwita dirishani.

Ukungu ulikuwa bado umelalia bati.
Nandonde, ndani ya sweta lililotoboka kiwiko,
ameiwekea mkono mashine iliyozimwa,
kando kidogo ya kipimajoto, asikiguse.

Alituona.
"Grisi imekwisha tangu juzi," alisema.
"Kisanduku chenu kimeliandika hilo?"