Ukurasa Mmoja

Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
stesheneri ya Shekiondo:
kuchapa mia tano ukurasa,
na wasifu wangu una kurasa nne.
Anaupenda hivyo hivyo ulivyo.

Nimeanzia kuzaliwa, Bombo, usiku wa mvua.
(Mvua nimeifuta mwenyewe.)
Kabila, dini, hali ya ndoa,
chekechea, unahodha wa netiboli,
kisha: "mchapakazi, mwaminifu,
anaweza kufanya kazi chini ya shinikizo."
Sentensi hiyo Shekiondo kaihifadhi.
Asubuhi kambandikia dereva wa lori,
jana muuguzi, juzi mpishi wa hoteli.
Sote tuko chini ya shinikizo moja.

Mwanakheri kanipigia toka ofisini kwao:
"Msomaji ana sekunde kumi, na chai inapoa.
Usimwambie unajua nini.
Ulifanya nini?"

Feni inazunguka na vumbi lake.
Nilifanya nini?

Pongwe, kituo cha maziwa.
Karani akiandika lita kwa penseli,
manyunyu yakiingia, lita zinafutika.
Wafugaji mia mbili na kumi,
malipo siku ya kumi na tisa, na ugomvi juu.
Nikaandika programu, inahesabu hata mtandao ukikatika.
Sasa wanalipwa kila Ijumaa, saa nne.

Basi naandika hivyo. Mistari miwili.
Chini yake: msimbo uko hapa, fungua usome.

Lugha za kompyuta nilijaza kumi na mbili;
nimebakiza tatu,
zile ambazo hata ukiniamsha usiku nitakujibu.

Shekiondo anatazama kurasa zikiwa mbili,
zikiwa moja.
"Dada, unanifilisi."

Lakini lipo jambo sijui niliweke wapi.
Mwezi wa kwanza programu iliruka
maziwa ya jioni ya Bi Mwanashehe, siku sita.
Nilikwenda kwake na daftari,
tukahesabu upya kwa kokoto, yeye na mimi,
mpaka zikalingana.
Kosa lilikuwa langu, alama moja tu, ndogo kama chawa.
Hakuna kichwa cha habari kinachobeba hilo.

Kwenye wadhamini nilikuwa nimeweka diwani,
ambaye hanijui.
Nimemtoa.
"Mwanashehe Kibindo," namtajia, na namba,
inayoshika akipanda kichuguuni.
Shekiondo vidole vimesimama:
"Cheo?"

Andika mfugaji.
Ng'ombe wawili.