Kienge

Lehemu imeshuka, daktari Gwasa,
karatasi ya maabara inasema hivyo,
nimeikunja nimeiweka ndani ya kofia.
Basi mbona kidonge hiki cha usiku
hakina siku ya mwisho?

Pale Kitete alichora nyuma ya kadi yangu:
mistari miwili, katikati damu ikipita
kama treni ya Mpanda, polepole,
na ukutani kinundu.
"Mafuta yaliingia humu yakakaa.
Askari weupe wa damu wakayafuata,
wakayala, wakavimba, wakafia humohumo,
na kila anayekufa anaita wenziwe.
Mafuta hayana kosa peke yao, Mihayo.
Kuna hasira ndani ya ukuta."

Nikacheka, mkono kifuani.

Miaka thelathini na miwili napanda miyombo ya Ipole.
Anayedhani nyuki wanagombania asali tu
hajaumwa bado.
Mmoja akidunga, harufu ya mwiba wake
inapiga mbiu,
na hata masega yote ukiyashusha chini
mzinga mtupu utakufukuza hadi mtoni.
Ndiyo maana hupandi bila kienge:
nyasi kavu, samadi kavu,
moshi wa kutosha, moto kidogo.
Hauui. Unapita ukiwaambia jambo
wanalolielewa wao,
na mvumo unashuka
kutoka kooni hadi tumboni.

"Kupunguza mafuta ndiyo kazi yake," akasema Gwasa,
"ila yaonekana inatuliza pia.
Kiasi gani hiki, kiasi gani kile,
wasomi wangali wanabishana."
Nilimpenda kwa hilo.
Mimi nami sijui moshi unawaambia nini nyuki.

Nyumbani Nyanzala ananihesabia vidonge
kama anayehesabu chenji ya mlanguzi.
Paja linauma siku nyingine;
nimemwambia daktari, mke sijamwambia.
Na Luhende, mwanangu, tuliyegombana
kwa shamba la tumbaku,
ndiye aliyenipakia kwenye baiskeli
kifua kilipobana, akanisukuma hadi lami.
Tangu hapo ni salamu tu.

Saa tatu usiku. Maji, kidonge.
Nazima taa, nasikiliza
kama nilivyozoea kuweka sikio kwenye gome
kabla ya kufungua.
Wamo.
Wanavuma kwa chini.
Kesho nitampigia Luhende,
kama sauti yangu itakuwa na moshi wa kutosha.