Visahani vya Mpunguzi

Mama alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akasema:
"Huu si udongo.
Udongo uliochomwa huitika."
Kweli. Ni lami na chokaa, na rangi ya chungwa juu,
lakini uwanjani wote wanakiita udongo,
na mimi, Mbeleje, ndiye ninayekirusha.

Jumamosi nashuka shimoni, mbele ya mitutu.
Nyuma yangu wamesimama watano, mstari mmoja.
Mwenye zamu anapaza sauti, "Haya!"
na kisahani kinamtoroka, kimempa mgongo,
kushoto au kulia, hata mimi niliyekitega sijui.
Mzee Chilongani hataki mchezo mwingine.
Mke wangu aliondoka hivyohivyo, husema,
na hucheka peke yake.

Jumapili ni vibanda viwili,
kimoja kirefu, kingine kifupi kama banda la kuku,
na wapigaji wanazunguka nusu duara.
Hapo hakuna siri. Njia ya kila kisahani
inajulikana kuliko saa ya treni.
Kinakatiza mbele yako, kinapishana na mwenzake,
na bado watu wanakikosa,
maana wanalenga kilipo.
Nhonya, fundi cherehani wa Majengo, hakosi.
"Kitu kinachokwenda," husema, "hukifuati.
Unakitangulia, unakisubiri."

Ule wa tatu sijui hata niuite nini.
Unatembea. Kituo kichakani, kituo korongoni,
huku kisahani kinapaa wima kama kwale aliyeshtuliwa,
kule kinabiringika chini, kinadunda juu ya mawe,
sungura mtupu,
na vumbi jekundu la Septemba linameza mbio zake.
Chilongani hulaani kwa Kigogo.
Nhonya naye hukosa,
nami nafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Jana jioni, nikiokota vigae,
nilikuta kimoja kizima chini ya mzabibu wa jirani.
Hakina hata ufa.
Kilinusurika mchezo upi? Hakisemi.
Nilitaka kukirudisha kwenye boksi, kirushwe tena.

Sasa kipo dirishani kwa mama,
kando ya chungu chake kilichopasukia motoni.
Kila akipita anakigonga kwa ukucha,
anainamisha sikio,
pengine kimejifunza kuitika.