Maganda

Alikuja saa nne usiku, nafunga banda,
Nakijwa wa maabara, ndoo mkononi.
Hakutaka chips kavu, hakutaka mishikaki.
"Maganda ya mayai," akasema. "Usiyatupe."
Nikacheka mpaka mafuta yakanirukia.
Miaka tisa nakaanga hapa Goba,
hakuna aliyewahi kunibembeleza taka.

Nyuma ya banda ndipo korongo lilipo.
Lilianza mfereji, mtoto anauruka kwa mguu mmoja.
Masika moja likala mgomba,
iliyofuata likala choo cha Bi Kidawa na mlango wake,
kisha tukaacha kuhesabu, tukawa tunahamisha vitanda
kutoka chumba cha nyuma kuja cha mbele.
Viroba vya mchanga vilioza.
Matairi yalikwenda mtoni kuogelea.
Saruji tuliuliza bei, tukarudi kulala.

Nakijwa aliyaloweka maganda kwenye siki:
yakachemka bila moto, yakatoa povu, yakaisha.
Akatia mbolea ya urea.
Kisha dumu la mwisho, alilolibeba kama mtoto mwenye homa.
"Humu wamo," akasema.
Nikachungulia. Maji ya mchele tu.
"Umewatoa wapi?"
"Humuhumu korongoni. Niliwachota, nikawalisha, wakazaana."

Wanakula urea, na jiwe linawaota mgongoni.
Punje inashika punje
kama ukoko unavyoshikana na sufuria.
Nao wanafia humo, wamezibwa na kazi yao.

Harufu ikapanda, mkojo wa mtaa mzima.
"Choo changu kimerudi!" akapiga kelele Bi Kidawa,
tukacheka wote, isipokuwa Nakijwa.
Alikuwa ametandaza turubai chini ya mteremko,
anakinga kila tone linalonuka, analirudisha kwenye dumu.
"Hili likifika mtoni," akasema,
"nitakuwa nimeziba ufa huku, nimebomoa ukuta kule."

Babu yangu alichoma chokaa Mbweni,
matumbawe juu, magogo ya mikoko chini,
siku tatu kijiji kizima kinakohoa.
Jiwe, alikuwa akisema, halizaliwi bila moshi.
Ningempeleka korongoni, agonge kwa fimbo,
asikie mchanga unavyojibu: ko, ko.

Masika yakaja na hasira zake.
Asubuhi tukashuka na viatu mkononi.
Mita sita zimesimama, zina makovu ya maji, zimesimama.
Mbili, pale kwenye kisiki cha mgomba, hazipo.
"Sita!" nikamwambia.
"Na mbili," akajibu, akaandika zote kwenye daftari lake lililolowa.

Usiku huu napasua la kumi na tisa.
Mteja ananitazama naliweka ganda ndooni taratibu,
anauliza, haya nayo unauza?
Namwambia angoje kidogo,
chips zake zinaungua.