Hesabu Hadi Arobaini

Bwana Habamungu alitaka bahari.
Alinitolea kalenda ya mwaka juzi, kurasa zimejikunja kwa unyevu,
akagonga mwezi wa saba kwa ukucha:
mchanga mweupe kama unga wa muhogo, minazi iliyoinama,
wimbi la kijani, na ndani ya wimbi
kijana amesimama juu ya ubao
kama anayesubiri teksi.
"Ya namna hii. Kumi na mbili. Hoteli inafunguliwa Pasaka."

Nikamwambia, Goma hatuna mchanga.
"Utajua mwenyewe," akasema, "wewe ndiwe wa kamera."

Basi nikalala kifudifudi Kituku, alfajiri,
juu ya mawe yaliyoshuka mlimani yakiwa uji.
Nayajua. Nyumba yetu ya kwanza
iko chini ya nyumba yetu ya pili.
Mawe haya hayana adabu: yanakula magoti ya suruali,
yanachuna kiwiko, na lensi usipoichunga
yanaiandika jina.

Ukishusha kamera mpaka maji yakuguse kidevu,
kiwimbi cha kiganja kinasimama ukuta.
Ujanja wenyewe ndio huo. Sikufundishwa,
niliuokota siku nilipoteleza.

Lakini ziwa la asubuhi ni sahani.
Unaingoja meli ya Bukavu.
Inapita mbali, imejaa maharage na usingizi,
huoni ikiacha kitu.
Unahesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Arobaini,
maji yanakumbuka.

Na kila nikibonyeza, kona ya kushoto: njano.
Vidumu. Foleni ya vidumu, wanawake maji magotini,
chukudu mbili zimelazwa, mtoto anakojoa akitazama Idjwi.
Nikasogea kulia. Njano ikasogea kulia.
Mama mmoja akauliza kama kuna mtu ananilipa kulala.
Siku tatu nilikata, nikakata,
nikabaki na maji yasiyo na mtu
na povu ambalo lingeweza kuwa la popote.
Nilikuwa na tisa kama hizo. Zilikuwa nzuri.
Sikutaka kuziangalia.

Siku ya nne, nimefika thelathini na moja,
msichana mmoja akatoka kwenye foleni.
Asifiwe. Jina nililijua kwa sababu shangazi yake
alikuwa amekwisha kuliita mara sita, kwa hasira.
Alikaza kifuniko cha kidumu kitupu cha lita ishirini,
akakilalia kwa tumbo, akayapiga maji teke.
Midomo yake ilikuwa inacheza.
Alikuwa anahesabu na yeye.

Wimbi likamnyanyua. Si sana: kimo cha kigoda.
Lakini mimi nilikuwa chini, kidevu majini,
na kutoka kule chini alipita juu ya Idjwi nzima,
kinywa wazi, jino la mbele halipo,
njano ikimwakia kifuani.

Habamungu aliitazama mpaka chai ikapoa.
"Hii haiko bahari."
"Haiko," nikasema.
"Hiki kidumu, huwezi kukitoa kwa kompyuta?"

Ningeweza. Dakika kumi.
Angebaki mtoto anayeelea juu ya maji bila kitu,
muujiza wa mwezi wa saba.
Nikamwambia mashine yangu imeharibika.
Alilipa nusu, akachukua zile tisa,
na tatu zilizobaki akazijaza minazi
aliyoipata sijui wapi.

Nakala moja niliipeleka Birere, nikauliza nyumba kwa nyumba.
Shangazi alijifuta mikono kwanza,
akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani.
Nilidhani atacheka.
"Siku hii," akasema, "alirudi na maji?"

Nikasema sijui, mama.
Nilikuwa nahesabu.

Akaisimamisha juu ya redio,
kidumu kikielekea mlangoni.