Nyuma ya Picha

Agosti, Mabela. Kiyoyozi kimeshikwa na kikohozi
na joto limejibandika dirishani kama stempu.
Shangazi Thuwaiba kaniletea debe la biskuti
lililofungwa kwa mkanda wa suruali ya marehemu.
Hamna biskuti humo tangu mwaka wa sabini na mbili.
Mna watu.

Nimejitayarisha: glavu nyeupe za pamba,
brashi laini, uzi mwembamba wa kupitisha
chini ya picha iliyogandana na kioo,
polepole, kama anayemvua pete aliyelala;
na vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya,
nilivyovikusanya mwaka mzima
mume wangu akidhani nimerukwa na akili.

Shangazi yeye kaja na chetezo.
"Picha isiyofukizwa," asema, "hunuka umaiti."
Namwambia moshi wa udi ni adui wa karatasi.
Ananitazama. Anasogeza chetezo inchi mbili.
Hayo ndiyo maafikiano yetu.

Tunawatoa.
Huyu kavaa kanzu ya kuazima, mikono yake imemezwa.
Huyu alitikisika, kawa na nyuso mbili, zote zina njaa.
Hawa watatu walikuwa wanne: mkasi umepita begani,
na mkono wa yule wa nne umebaki kiunoni mwa bibi,
mkono mtupu na saa yake, saa tisa kasorobo.
"Nani?" nauliza.
Shangazi anaongeza udi.

Nyuma, kwa penseli ya babu,
herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili.
Macho ya Shangazi yamefunga duka.
Mimi niliyesomea Mwanza nazikokota kama magunia.
Mwanangu Mazin, miaka kumi na moja, anazisoma mbio,
ila Kiswahili chake ni cha salamu na chakula.

Tukamwita. Akaacha mchezo wake kwa shingo upande,
akasimama kana kwamba yuko mbele ya mwalimu:
"Huyu nimimkubisha basikili hajarudisha."

Kimya.
"Sema tena, baba. Usikimbie."
"Ni-mim-ku-bi-sha."
Herufi hizo hazina pe, na e na i
hulala kitanda kimoja, o na u vilevile.
Shangazi akatikisa kichwa, akaonja neno kama mchuzi,
kisha akapiga paja: "Nimemkopesha!
Huyu nimemkopesha baiskeli, hajarudisha!"
Akacheka hadi ushungi ukamtoka.

Basi tukaendelea hivyo hadi magharibi.
Mtoto kashika sauti, kikongwe kashika maana,
mimi nimeshika karatasi kwa kingo zake.
Nilitaraji wasia, au dua, au jina la mji tuliotoka.
Babu alikuwa ameandika madeni:
pishi mbili za mchele, shoka, shilingi saba.
Na hii, nyuma ya bibi arusi:
"Hacheki kwa sababu ya jino."

Moja maji yameila.
Mazin akasoma "wa", akasoma "mi",
akaigeuza kwenye taa, akaninyanyulia mabega.
Shangazi akaisogeza puani, akainusa muda mrefu.
Ni ile ya mkono na saa.
"Iweke na wenziwe," akasema. Nikaiweka.

Sasa wote wamo katika bahasha, kila mtu na namba.
Simu imerekodi saa tatu: makosa ya Mazin,
kicheko, kiyoyozi, mkaa ukipasuka.
Debe limebaki tupu na Shangazi hataki litupwe.
Kalifunga tena kwa mkanda ule ule,
tundu ile ile iliyolegea.

Mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kakumbuka:
"Yule wa baiskeli. Mjukuu wake yuko Barka,
anauza matairi." Akatafuta kiatu cha pili kwa kidole.
"Kesho tumpelekee nakala ya babu yake, maskini,
labda hana hata moja.
Baiskeli tutaizungumza baada ya kahawa."